Kabureta ya Siku ya Karmeli

Dukani kwa Fabiola kulikuwa na mbwa, kwa hiyo Evelio Tabares hakushuka. Alisimamisha pikipiki mguu mmoja chini, akapitisha mfuko wa arepa, vile vimkate bapa vya mahindi, juu ya geti, na Fabiola akaupokea, kilemba cha kulalia bado kichwani. Arepa zilikuwa za moto. Oliva, mke wa Evelio, alikuwa ameanza kuzichoma kabla jogoo hajafikiria kuwika.

"Shati la pasi leo," Fabiola akasema. "Unaoa mke mwingine?"

"Nampeleka bibi huyu kwa dokta." Evelio akagonga tangi la pikipiki.

"Kwani anaumwa?"

"Haumwi. Wanataka kumpa cheti kwamba ni mzee."

Fabiola alicheka mpaka mbwa akanyamaza. "Waambie waje wanione na mimi! Miguu yote miwili ni ya tangu zamani, hakuna kilichobadilishwa."

Huko juu mlimani fataki zilikuwa zimeanza kulia, na honi nazo. Ilikuwa tarehe kumi na sita Julai, siku ya Bikira wa Karmeli, msimamizi wa kila mtu anayeshika usukani. Siku hiyo malori, teksi, mabasi na pikipiki hufungwa riboni na maputo, huteremka mjini kwa msafara, na padri huzinyunyizia maji ya baraka bila kuuliza nani ana leseni.

Evelio alikuwa na mambo mengine. Manispaa ilikuwa imetangaza kwamba kuanzia Agosti mosi, pikipiki zote za kuchanganya petroli na oili zisionekane katikati ya mji mchana, kwa sababu ya moshi. Mabasi yenye moshi wa kuficha ng'ombe mzima yaliachwa, maana mabasi yana wenyewe. Msamaha ulikuwa mmoja tu: pikipiki itakayopewa kibao cha urithi. Ili upate kibao, pikipiki iwe kongwe, na robo tatu ya vifaa vyake viwe vilevile ilivyotoka navyo Japani. Na zaidi ya nusu ya arepa za Oliva ziliuzwa katikati ya mji, kwenye vibanda vya chai karibu na mahakama. Bila vibanda vile, kodi ya nyumba ingetoka wapi? Hilo ndilo swali walilokuwa wakilala nalo kitanda kimoja.

Yamaha ya Evelio ilikuwa ya mwaka sabini na nne. Ukongwe haukuwa na ubishi. Shida ilikuwa vifaa. Asiye na hela ya spea hugeuka fundi, na Evelio alikuwa amegeuka fundi miaka mingi. Kila kilichokufa alikizika, akaweka cha kuazima. Pistoni ilikuwa ya pikipiki ya Brazili, akaipiga tupa mpaka ikakubali. Shokamzoba za nyuma zilikuwa za pikipiki ya polisi. Kioo cha spidi alikikata kutoka kwenye kifuniko cha mtungi wa peremende. Kabureta ilikuwa ya Kichina, imeunganishwa na injini kwa kipande cha mpira wa mashine ya kufulia, na kwa kabureta hiyo pikipiki iliwaka teke la kwanza, mvua au jua.

Tangu Machi alikuwa akirudi nyuma, akiondoa ujanja wake mmoja mmoja. Taa ya nyuma aliipata kwa wauza vyuma chakavu. Vifuniko vya ubavuni alivinunua kwa mjane mmoja ambaye kuku wake walikuwa wakinywea maji humo. Shokamzoba alizilipia arepa, mfuko kila asubuhi, mpaka mwenye nazo akasema sasa inatosha, amenenepa. Pistoni haionekani kwa nje, na kioo cha spidi kilidanganya macho; ilibaki kabureta tu. Zamani kabureta za aina ile ulikuwa ukinunua plagi unapewa moja kama nyongeza. Kisha wakaja matajiri wanaopenda vitu vya kale, wakateremka na magari yao ya mizigo, wakanunua kwa maboksi. Sasa mtu aliyekuwa nayo alikuwa mmoja, Don Gildardo wa Mtaa wa Mifupa, na hakuuza. Alikodisha.

Kukodi spea si ajabu huku. Watu hukodi matairi mapya asubuhi ya ukaguzi wa gari, wakayarudisha mchana, gari likarudi na upara wake. Evelio alikuwa ameshapatana na Gildardo bei na tarehe.

Tarehe aliichagua mwenyewe. Msichana wa dirishani, kule ofisi ya ukaguzi, alimpa siku nyingine pia, lakini Evelio aliposikia kumi na sita Julai alisema hiyohiyo, ili Bikira asimame naye. Hakufikiri kwamba siku hiyo Bikira ana wateja wengi.

Mtaa wa Mifupa ulikuwa umefungwa wote. Huko ndiko magari huchunwa hadi yakabaki mifupa, na siku za kawaida huwezi kupita bila mtu kukuvuta shati akuuzie gia. Leo shata zote zilikuwa chini, sakafu za mafuta zimemwagiwa pumba za mbao, na kila mlango una sanamu ndogo na mishumaa. Don Gildardo, mtu mnene mwenye masharubu ya kupakwa rangi, alikuwa amesimama juu ya lori dogo akimfunga Bikira wa plasta kwa kamba ili asianguke kwenye kona.

"Don Gildardo! Nimefuata ile kabureta."

"Kabureta gani leo? Leo hata Baba Mtakatifu akija na pancha atasukuma."

"Si tulikubaliana tarehe kumi na sita?"

"Tulikubaliana kumi na sita. Hukuniambia kumi na sita ni leo!" Gildardo akajifuta jasho. "Funguo anazo mke wangu. Mke wangu yuko kanisani. Kanisani ndani hata nzi haingii. Sasa unataka nifanyeje, nivunje shata yangu mwenyewe?"

"Dokta Villegas ananikagua mchana huu."

Gildardo aliacha kamba. Akashuka taratibu, akamsogeza Evelio pembeni, mbali na vijana waliokuwa wakipuliza maputo.

"Sikiliza, mzee wangu. Ahirisha."

"Nafasi nyingine ni Oktoba. Marufuku ni Agosti."

"Ahirisha hivyohivyo. Dokta vifaa vyangu anavijua. Akiviona moyo wake unatulia. Umenipata?"

"Anavijuaje?"

"Mtu hukosa kuvijua vitu vyake?" Gildardo akatazama chini. "Mimi ni kabati tu. Mwenye nguo ni mwingine. Haya, mimi sijasema kitu, nina sanamu hapa itaniangukia."

Evelio alielewa nusu ya maneno yale, na nusu ile haikumpendeza. Lakini Oktoba ilikuwa mbali. Akapiga teke pikipiki, ikawaka, akapanda nayo mlima.

Alikwenda kwa Nevardo. Nevardo alimsimamia binti yake Evelio ubatizo, kwa hiyo kati yao hapakuwa na kubisha hodi. Alimkuta amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa mbele ya pikipiki yake ya Kichina, pikipiki imepambwa maua na riboni za kahawia na nyeupe kama bibi harusi, na kabureta yake iko vipande vipande juu ya gazeti.

"Usinisemeshe," Nevardo akasema. "Natenda dhambi moyoni."

"Imefanya nini?"

"Imekufa! Mwaka mzima inakwenda, siku ya Bikira inakufa. Ile pistoni ndogo ya ndani imekatika vipande viwili. Na maduka yote yamefungwa, mafundi wote wamekwenda kusali. Nchi gani hii, watu wanasali kila wakati?"

"Ule mkangafu wako wa Yamaha bado upo?"

"Upo, kuku wanatagia." Nevardo akainua macho. Alikuwa na macho madogo ya mtu wa biashara. "Kwa nini?"

"Kabureta yake iko wapi?"

Ilikuwa ndani ya kopo la maziwa ya unga, ndani ya mafuta ya taa, chini ya kitanda cha Nevardo. Mama yake aliiweka humo alipoona kuku wanaidonoa, na alipofariki hakuna aliyethubutu kuigusa. Evelio aliitoa, akaigeuza kwenye mwanga. Alama ndogo za kiwandani zilikuwa zinasomeka zote. Haikuwa na mkwaruzo. Moyo wake ulimdunda, akaona aibu kudundwa moyo na kipande cha chuma.

"Niazime mpaka jioni."

"Kuazima hakuna. Nipe ya kwako ya Kichina, chukua hiyo. Moja kwa moja, tumemalizana."

"Nevardo, ile yangu nimeirekebisha miaka! Sindano yake nimeisugua kwa mkono wangu, mpaka imejua mlima huu."

"Ndiyo maana naitaka. Na wewe ukipata kibao, trafiki atakusimamisha kila kona aone kama bado una kabureta ya Kijapani. Nikikuazima mpaka jioni, kesho utamwambia nini?" Nevardo akasimama, akajipangusa suruali. "Msafara unaondoka, kaka. Fanya haraka au mwache Bikira aende bila mimi, na hilo litakuwa juu yako."

Walibadilishana. Ya Evelio iliingia kwenye pikipiki ya Nevardo kana kwamba imezaliwa pale. Teke moja, ikaitika. Nevardo akaruka juu yake na maua yake yote, akapiga honi, akapotea kwenye kona. Hata asante alisahau.

Kabureta ya Kijapani haikuwa rahisi hivyo. Ina masikio mawili bapa ya kufungia bolti, nayo inataka kukaa kwenye mdomo bapa wa injini. Mdomo wa injini ya Evelio ulivunjika miaka mingi nyuma, ukachomelewa, ukatengenezwa wa mviringo ili upokee mpira. Akatafuta jikoni kwa Nevardo kifuniko cha sufuria, akakikata bamba, akalitoboa, akalifunga kati ya injini na kabureta. Gasketi aliikata kwenye boksi la biskuti. Penye nyufa alisiliba sabuni ya mche. Kwa macho, ungesema imetoka kiwandani jana. Lakini hewa ilikuwa inaingia pembeni, na injini ikawa na sauti mbili tu, kufoka na kufa. Bahati nzuri uwanja wa ukaguzi ulikuwa bondeni. Sehemu kubwa ya safari ile ilifanywa na mteremko.

Uwanja ulikuwa wa chama cha wapenda magari ya kale, wenye nyasi zilizokatwa sawasawa na meza ya kahawa chini ya turubai jeupe. Pikipiki nyingine zilikuja zimepandishwa kwenye magari, zimefunikwa mablanketi. Wenyewe walikuwa na fulana zenye nembo. Mmoja wao alimwomba Evelio amletee sukari.

"Mimi ni wa ukaguzi," Evelio akasema.

"Ah. Samahani, Don." Na kweli mtu yule aliona haya.

Dokta Villegas hakuwa daktari wa kutibu mtu. Huku mwenye tai na hati ya nyumba huitwa dokta, akizoea haitiki kwa jina lingine. Alikuwa mwanasheria, mrefu, mwenye sauti ya taratibu, na lazima isemwe kwamba pikipiki alizijua. Alipiga magoti kwenye nyasi na suruali yake ya rangi ya maziwa, akiwa na sumaku kwenye uzi na kioo kidogo cha meno, akaipitia Yamaha ya Evelio kama mtu anayesoma barua ya mpenzi.

"Taa ya nyuma ndiyo yenyewe. Umeitoa wapi?"

"Kwa chuma chakavu, dokta."

"Ajabu. Na shokamzoba hizi! Mimi nimetafuta jozi hii miaka miwili." Alipapasa kwa kidole. "Rangi umepaka mwenyewe? Usingepaka. Lakini si kitu. Kioo cha spidi... sawa. Vifuniko sawa. Mzee Tabares, umefanya kazi kubwa. Nakwambia kwa moyo mweupe."

Evelio alisikia masikio yanapata moto. Alikuwa hajasifiwa na mtu wa namna ile tangu azaliwe, na alipenda, akajichukia kwa kupenda.

Kioo cha meno kikafika kwenye kabureta, kikasimama. Dokta alipitisha kidole gumba juu ya alama za kiwandani, mara moja, kisha mara nyingine. Akainama karibu zaidi. Alitafuta upande wa chini, kama mtu anayetafuta alama aliyoiweka mwenyewe, hakuiona.

"Hii umeichukua kwa Gildardo?"

"Hapana, dokta. Ni yangu."

"Yako."

"Nimebadilishana na jirani. Leo asubuhi."

"Na huyo jirani anazo nyingine?"

"Alikuwa na hiyo tu."

Dokta akasimama, akajikung'uta magoti, akachukua karatasi yake na kalamu. Aliandika bila haraka.

"Nakala," akasema. "Ya Taiwani. Nzuri sana, sikatai, lakini nakala. Na kwa bahati mbaya kabureta inabeba alama nyingi za ukaguzi."

"Dokta, hii imetoka kwenye Yamaha ya mwaka uleule! Imekaa kwenye mafuta ya taa chini ya kitanda, kuku mpaka leo wanatagia kwenye fremu yake, twende ukaone..."

"Mzee Tabares, mimi sibishani na kuku."

Wenye fulana wakacheka, si sana. Karatasi ilipigwa muhuri. Alikuwa amepungukiwa alama tatu. Msichana wa mezani alimwambia nafasi inayofuata ni Oktoba, ila kwa sasa Oktoba nayo imejaa, ajaribu kuuliza Novemba.

Evelio akaisukuma pikipiki mpaka getini, maana haikukubali kuwaka. Alipiga teke mpaka shati la pasi likamganda mgongoni. Inafoka, inakufa. Inafoka, inakufa. Mlinzi wa geti, kijeba mmoja mwenye redio, aliipunguza sauti redio yake kwa heshima.

Ndipo dokta akaja, peke yake, mikono mfukoni.

"Mzee Tabares, nimekuwa nafikiri. Kile kifaa hakikusaidii tena. Naweza kukuondolea." Akataja bei.

Ilikuwa kodi ya nyumba ya miezi mitatu. Evelio alidhani hakusikia vizuri, dokta akaitaja tena, kwa sauti ileile ya taratibu.

"Nakala ya Taiwani, dokta?"

"Mimi hukusanya kila kitu."

"Hata nakala?"

"Chukua hela, mzee. Ununue kabureta ya Kichina, ibaki ya kutosha. Na Novemba upitie kwa Gildardo, ukodi, uje. Utapita. Nakuahidi mimi mwenyewe."

"Novemba nitakodi ipi?" Evelio akauliza. "Hii?"

Dokta akaangalia saa yake.

Mwenye akili angepokea. Mimi ningepokea, na wewe pia ungepokea, tusidanganyane. Mkono mtupu haulambwi, na Villegas alikuwa ameshatoa pochi. Evelio mwenyewe alikuwa ameshaanza kupokea, mkono ulikuwa njiani. Kisha akakumbuka dole gumba lile likipita juu ya alama za kiwandani, polepole, mara mbili. Dokta alijua tangu alipoigusa. Alijua, na bado akaandika vile. Hasira ilimpanda Evelio kutoka miguuni.

Akamgeukia mlinzi. "Kaka, una msumeno wa chuma?"

"Upo, wa kukatia minyororo."

"Niazime."

Alifungua bolti mbili, akatoa bamba na kabureta, akachuchumaa ukingoni mwa barabara, akaibana kwa kisigino juu ya jiwe. Akaweka msumeno penye sikio la kwanza.

"Unafanya nini?" dokta akauliza. Kisha sauti yake ya taratibu ikapotea. "Wewe! Unafanya nini?"

"Nataka ikae vizuri, dokta. Masikio haya yananisumbua."

"Usikate! Usikate, mzee, tafadhali! Hazizidi kumi Kolombia nzima!"

"Za kweli ndizo hazizidi kumi," Evelio akasema, bila kuacha kukata. "Za Taiwani ziko tele."

Sikio la kwanza likaanguka. Ni chuma laini, hukatika upesi. Dokta alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Maumivu yake yalikuwa ya kweli, mtu angeweza kumwonea huruma. Alivipenda vitu vile kuliko sisi tunavyovipenda, na kwa upendo huo alitaka viwe vyake vyote.

"Nakuongezea! Taja bei. Taja bei yako!"

"Andika kwanza kwenye karatasi kwamba ni ya kweli."

Dokta alifungua mdomo. Akatazama nyuma, kwenye turubai jeupe, ambako wenye fulana walikuwa wameanza kugeuza shingo. Akatikisa kichwa.

Sikio la pili likaanguka. Evelio alisugua makali kwenye saruji ya ukingo, akapuliza vumbi, akatoa kwenye kikapu cha arepa kilichofungwa nyuma ya pikipiki kile kipande cha mpira wa mashine ya kufulia, akaivisha kabureta, akaivisha injini, akakaza vibanio kwa bisibisi. Teke la kwanza halikutoa kitu. La pili likawaka, na injini ikatulia, ikanguruma sawasawa, na moshi wa bluu ukatambaa juu ya nyasi kuelekea kwenye kahawa.

"Asante, kaka," akamwambia mlinzi, akamrudishia msumeno.

"Ukihitaji tena uje," mlinzi akasema, na uso wake haukuonyesha kitu mbele ya bosi.

Mjini msafara wa Bikira ulikuwa umeziba barabara zote. Evelio akaingia katikati yake kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Mbele ya kanisa kuu padri alikuwa juu ya jukwaa na ndoo na ufagio mdogo, akirusha maji kwa kila kinachopita. Yalimpata Evelio usoni. Watu wasiomjua walimshangilia na kumpigia honi, naye akapiga yake. Alicheka peke yake mpaka taa za barabarani. Trafiki waliokuwa pale walivua kofia Bikira alipopita. Agosti ilikuwa bado wiki mbili.

Oliva alikuwa uani, anachambua mahindi ya kesho kwenye beseni la maji.

"Umepata?"

"Sikupata."

Alisogea kwenye benchi, Evelio akakaa, akamweleza yote, Gildardo na Nevardo na kioo cha meno. Alipofika kwenye msumeno aliinuka, akaonyesha kwa mikono jinsi sikio lilivyoanguka, na jinsi dokta alivyoshika kichwa. Oliva hakucheka.

"Alitaja kiasi gani?"

Evelio akamwambia. Mikono ya Oliva ilibaki ndani ya maji.

"Miezi mitatu, Evelio."

"Najua."

"Najua, najua. Ungejua usingekata." Akatupa punje mbovu uani, kuku wakazikimbilia. "Ulijisikiaje?"

"Vizuri."

"Kwa muda gani?"

Evelio akafikiri. Alitaka kumjibu kweli. "Mpaka hapo mlangoni."

Oliva akatikisa kichwa. Akaendelea kuchambua, naye Evelio akachukua kiganja kimoja cha mahindi, akaanza kuchambua pia, vibaya, kwa vidole vyenye vumbi la chuma.

"Kuanzia Agosti za mjini nitashuka nazo mimi," Oliva akasema. "Gari la kwanza linapita kabla hakujapambazuka."

"Kikapu ni kizito, mama. Na kutoka kituoni mpaka mahakamani ni mbali. Na goti lako?"

"Uzito wake naujua. Kinajazwa na nani?"

Akajipangusa mikono kwenye aproni, akaenda kukifungua kikapu kwenye pikipiki. Akatia ndani yake gunia dogo la mahindi lililoegemea ukuta, akakiinua mpaka begani. Evelio alisimama ili amsaidie.

"Kaa," akamwambia.

Akatembea nacho taratibu mpaka getini, akageuka, akarudi, akakitua. Alipumzika kidogo, mkono kiunoni. Kisha akakiinua tena, safari hii kwa bega lile jingine.